Geji Haiazimwi Kama Nyundo

Jumamosi asubuhi, hata chai sijaimaliza, geti likagongwa. Alikuwa kijana anayetunza bunduki za kampuni moja ya uwindaji hapa Arusha. "Shikamoo mzee. Nimefuata zile geji za magnamu, msimu umeshakaribia." Nikamwitikia, nikampa kiti, halafu badala ya geji nikamtolea kauntabuku, maikromita ya kupimia unene na kitambaa cha pamba. Akacheka. "Mzee, naazima vyuma vitatu tu, siyo gari."

Gari ningempa haraka zaidi. Gari likirudi na bonde kwenye bodi, kila mtu analiona. Geji ikirudi na kovu, kovu halionekani, na ubaya wake ni kwamba inaendelea kufanya kazi. Inajibu maswali kama kawaida, ila majibu yake ni uongo.

Kwa wasiojua naongelea nini: bunduki ya bolti, lile komeo la chuma linaloziba nyuma ya mtutu, ikishafungwa, ganda la risasi limekaa ndani ya chemba, yaani tundu lake mwanzoni mwa mtutu, na nyuma yake pamesimama uso wa bolti. Umbali kutoka uso huo hadi pale ganda linapozuiliwa lisiendelee mbele ndio mafundi tunaouita hedispesi. Ukiwa mfupi, bolti haifungi. Ukiwa mrefu kupita kiasi, risasi inapolipuka sehemu ya mbele ya ganda inang'ang'ania kuta za chemba huku kitako kikisukumwa nyuma kuifuata bolti. Shaba inavutika, inakonda, na siku moja inakatika. Kwenye .375 H&H Magnum, risasi ya mwaka 1912 ambayo bado ndiyo kipenzi cha wawindaji bingwa wengi huku kwetu, shinikizo ndani ya chemba linaweza kupita kilo 4,000 kwa kila sentimita ya mraba. Hutaki hiyo gesi irudi upande wa jicho lako, hasa ikiwa mbele yako kuna nyati.

Geji ndiyo inayopima umbali huo. Ni kipande cha chuma kigumu chenye umbo la risasi fupi, kinachongwa kwa usahihi mkubwa. Huja kwa seti ya tatu, na maneno yamechongwa kwenye chuma chenyewe: GO, NO-GO na FIELD. Bolti lazima ifunge juu ya GO. Ikifunga juu ya NO-GO, chemba imeanza kulegea na inahitaji jicho la fundi. Ikifunga juu ya FIELD, hiyo bunduki haipigi tena mpaka itengenezwe.

Sasa angalia ukubwa wa kitu tunachogombania. Kwa risasi ya .308 Winchester, GO ni inchi 1.630 na FIELD ni 1.638. Tofauti hiyo kwa milimita ni 0.2. Chukua karatasi mbili za kudurufia, zibane kwa vidole: hapo ndipo pengo lote lilipo kati ya bunduki nzima na bunduki ya kuweka kando. Kwa magnamu zenye mkanda, risasi za nguvu ambazo ganda lake lina pete nene karibu na kitako inayolizuia ndani ya chemba, kiwango cha SAAMI, taasisi ya Marekani ya watengenezaji wa silaha na risasi, kinaruhusu kati ya inchi 0.220 na 0.227, yaani milimita 5.59 hadi 5.77. Hapo hata karatasi mbili hazipiti.

Kikundi chetu tulianza kama wanavyoanza watu wa kikoba. Tulikuwa wachache: mafundi wawili wenye leseni, wawindaji bingwa, mkulima wa kahawa kutoka Kibosho mwenye bunduki aliyorithi kwa taratibu zote za polisi, na vijana wanaopenda kulenga shabaha. Kila mmoja alikuwa anaagiza kifaa chake kutoka nje, anakitumia mara moja kwa mwaka, kisha kinalala kabatini kikila kutu ya masika. Tukaona ni ujinga. Tukawa tunachanga kila mwezi, pesa zikitosha tunaagiza kitu kimoja cha wote.

Ubishi ulikuwa kwenye nini kitangulie. Vijana walitaka geji za 6.5 Creedmoor, risasi iliyoingia sokoni 2007 na ambayo wakianza kuizungumzia hawanyamazi. Wazee tulitaka magnamu. Tulishinda, na si kwa sababu ya mvi. Risasi za ukoo wa mkanda, .375 H&H, .300 Winchester, .338 Winchester, .458 Winchester na 7 mm Remington, zote zinazuiliwa na mkanda uleule, kwa hiyo seti moja inapima zote. .308 nayo inabeba .243; .30-06 inabeba .270. Lakini .416 Rigby, mkongwe wa 1911, haina mkanda na haina ndugu wa kuchangia naye, inadai geji zake peke yake. Mwenye Rigby alielewa, akanunua mwenyewe. Huwa anatukumbusha.

Baadaye tuliongeza kamera nyembamba ya kuchungulia ndani ya mtutu, ile inayochomekwa kwenye simu, na bisibisi inayopima nguvu ya kukaza skrubu za darubini. Hivyo vina masharti machache. Bisibisi irudishwe ikiwa imelegezwa hadi kipimo chake cha chini kabisa, maana springi yake ikiachwa imekazwa wiki nzima inachoka na kusahau hesabu. Kamera isivutwe kwa waya. Basi. Rima, vile vikata vya kukereza chemba, hatuna na hatutanunua. Kugusa chemba kwa kukata ni kazi ya karakana yenye leseni, na rima iliyopita mikono kumi ingekuwa butu kabla ya mwaka. Bunduki zenyewe hazimo kabisa kwenye mpango huu. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, silaha inakwenda na leseni ya mwenyewe, haiazimwi kama jembe. Kwetu kinachosafiri ni kipimo. Bunduki inabaki kwa mwenye nayo.

Nirudi kwenye geji, maana huko ndiko nilikoungua.

Miaka michache iliyopita, kabla ya msimu wa Julai, seti ya magnamu ilirudi kutoka kwa mwanachama mmoja. Ililetwa na mtu wa tatu ndani ya bahasha ya kaki, geji tatu zikigongana na funguo za gari. Nilikuwa na kazi mezani. Nikaitupa kwenye droo, nikasema asante. Wiki ileile akaja mwindaji bingwa mzee wa Usa River na .375 yake. Nikavua pini na kikamata ganda kwenye bolti, nikasafisha chemba, nikaweka FIELD. Bolti ikagoma kufunga. Nikamwambia, "Mzee, iko salama," akaenda zake porini.

Alirudi mwezi wa nane akiwa na maganda kwenye soksi. Hakulalamika, alimwaga tu maganda mezani na kusema, "Fundi, hebu tazama hivi vitu." Kila ganda lilikuwa na pete nyembamba inayong'aa, mbele kidogo ya mkanda. Nikakunja ncha ya waya mwembamba, nikaingiza ndani ya ganda na kuuvuta taratibu kwenye ukuta. Ulipofika usawa wa ile pete, ukakwama kama ukucha unavyokwama kwenye ufa wa meza. Shaba ilikuwa imeshaanza kukonda ndani. Pete peke yake haitoshi kuhukumu, magnamu za mkanda huvutika kidogo hata kwenye chemba nzuri, lakini mfereji wa kukwamisha waya baada ya kupigwa mara moja si jambo la kupuuza.

Nikaazima FIELD ya karakana nyingine. Bolti ikafunga kama mlango wa friji.

Hapo ndipo nilipochukua geji yetu na lenzi. Kwenye ukingo wa mkanda wake palikuwa na kijino, chuma kilichoinuka baada ya kuangukia sakafu ya saruji. Kukiona kwa macho huwezi, labda ukipitisha ukucha. Maikromita ikasema milimita 0.08 zaidi ya zilizochongwa. Zile 0.08 ndizo zilizozuia bolti isifunge, na mimi nikasoma kizuizi kama usalama.

Nilikaa na lile jambo siku kadhaa, nikagundua kitu ambacho ningepaswa kukijua tangu nikiwa mwanafunzi: uongo wa geji una mwelekeo. Geji yenye kijino, kutu au uchafu inakuwa ndefu. GO ikirefuka, itakataza bunduki nzima. Unapoteza muda, unalaani, unasafisha upya. FIELD ikirefuka, inapitisha bunduki mbovu, na hiyo ndiyo ajali yenyewe. Kinyume chake, geji iliyosuguliwa kwa msasa na mtu mwenye nia njema ya kuondoa kutu inakuwa fupi. GO fupi itasifia chemba iliyobana, FIELD fupi itaifungia bunduki isiyo na kosa. Kwa hiyo kovu lilelile ni usumbufu kwenye chuma kimoja na hatari kwenye kingine. Siku hizi nikipokea seti naanza na FIELD, tena nikiwa nimevaa miwani.

Kuna jingine. Geji ya mkanda unaweza kuihakiki nyumbani, kwa sababu kinachopimwa ni unene wa mkanda, na maikromita ya kawaida inafika pale. Geji ya .308 au .30-06 si hivyo. Inapima kutoka kitako hadi mstari wa kufikirika kwenye mteremko wa bega, pale ganda linapofinyika kuelekea shingo, na maikromita haina pa kushika mteremko. Hizo tunaziangalia kwa kulinganisha: tuna GO moja isiyotoka nje ya kabati hata kwa rais, na zinazozunguka zinalinganishwa nayo juu ya kifaa maalumu kila zinaporudi. Ni chuma cha gharama ambacho kazi yake ni kukaa. Mhasibu wetu alipiga kelele sana. Nilimwonyesha soksi ya mzee.

Baada ya hapo tukaandika masharti, na mengi ni ya kawaida: geji inabebwa kwenye kijibomba chake cha plastiki chenye mafuta mepesi, haitumwi kwa basi, anayeitaka Moshi aifuate mwenyewe kilomita 80 au asubiri mtu wetu anayekuja. Chemba isafishwe kwanza. Bolti ifungwe kwa vidole viwili tu, kama unavyofunga mlango wa chumba alicholala mtoto. Bolti ina nguvu ya skrubu ndani yake. Ukiisukuma kwa kiganja itaiponda geji, nawe utadhani imekubali.

Sharti lililozua mjadala ni la kuangusha. Wengi walitaka faini kubwa. Nikawauliza: mkiweka faini, nani atakiri? Yule aliyenitumia bahasha ya kaki alijua geji imeanguka. Alinyamaza kwa kuogopa kulipa, na ukimya wake ukapitia mkononi mwangu hadi kwenye shavu la mtu mwingine. Tukakubaliana hivi: anayeangusha na kusema, halipi kitu, kikundi kinabeba. Anayeangusha na kunyamaza, tukigundua, analipa seti nzima na anatoka. Amana kila mtu anaweka, na inarudi yote akishaandika ukweli, hata ukweli huo ukiwa umetugharimu. Mhasibu bado haipendi. Tangu tuanze, tumeshanunua GO mbili mpya kwa sharti hili, na kila mara nilijua siku ileile kwamba ya zamani imekufa.

Mimi pia niliandikwa. Ukurasa wa kwanza wa kauntabuku, mwandiko wangu: "FIELD magnamu, ilipokelewa bila kukaguliwa." Mzee wa Usa River aliomba aone, akasoma, akaniomba chai. .375 yake ilifungwa mtutu mpya na karakana yenye leseni, na sasa nikiikagua anasimama pembeni na miwani yake mwenyewe.

Basi yule kijana wa Jumamosi nilimpitisha kote huko. Akapima geji tatu mwenyewe, akaandika namba, akatia sahihi, akaondoka na bomba mfukoni mwa shati, kifungo kimefungwa. Jumapili jioni akarudi, mvua ikinyesha, viatu vimejaa tope la Njiro. Kabla hajakaa akasema, "Mzee, ile GO iliniponyoka. Lakini kwenye zulia."

"Iandike."

Akaandika kwenye safu ya maelezo: imeanguka mara moja, zulia. Nikaifuta mafuta, nikapitisha ukucha ukingoni, nikaibana na maikromita mara tatu, kila mara nikiigeuza. 5.59, 5.59, 5.59. Nikamrudishia amana yake. Akaulizia kamera ya mtutu. Nikamwambia iko Moshi hadi Alhamisi.