Mguu wa bandia ukiuma, uleteni karakana, msiuchonge nyumbani

Malalamiko yanayofika katika karakana yetu ya Goma siku hizi, hasa kutoka kwa askari waliojeruhiwa vitani, yanafanana: mguu ulikuwa sawa, sasa umelegea na unachoma. Wengine wanauleta mfukoni, umekwisha kuchongwa kwa kisu au kujazwa vitambaa. Jamani, mguu haukubadilika. Kilichobadilika ni kigutu, yaani sehemu ya mguu wenu iliyobaki baada ya kukatwa.

Kigutu kipya huendelea kukonda kwa miezi 6 hadi 12, wakati mwingine zaidi. Kwa aliyekatwa chini ya goti, uzito hubebwa zaidi na kano (mshipa mgumu) iliyo chini ya kifuniko cha goti, si ncha ya kigutu. Kikikonda, kinazama ndani ya soketi, yaani kikombe cha mguu wa bandia kinachoshika kigutu, na ncha inagonga chini. Dawa ya kwanza ni kuongeza soksi ya kigutu, moja moja, mpaka mguu ushike. Kitambaa hujikunja, na kila kunjo ni kidonda cha kesho. Soksi zikiwa nyingi na mguu bado unazunguka, soketi mpya inahitajika.

Kila jioni vueni, mtazame kigutu kwa kioo. Wekundu unaotoweka ndani ya dakika 10 hauna neno. Usiotoweka, au malengelenge: msivae tena, rudini kwenye magongo, mje.

Soketi ni ya polipropileni, aina ya plastiki. Sisi tunaipasha moto na kuisukuma nje mahali panapobana. Ikishachongwa, unene uliotoka haurudi. Na msiikaushe juu ya mbabula (jiko la mkaa).

Utaratibu: njooni na kadi na karatasi ya daktari. Kadi ikipotea, faili inatafutwa kwa jina, na hapo asubuhi imekwisha. Siku ya kwanza ni kupimwa na kupigwa plasta ya kuchukua umbo la kigutu. Mnarudi kujaribu soketi, kisha mazoezi ya kutembea. Anayekosa miadi ya kujaribu mara 2, plasta yake inavunjwa na anaanza upya mwisho wa foleni. Si chuki: kigutu cha mwezi uliopita si cha leo. Sheria ya Kongo Na. 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu, askari na raia. Cheo hakipimwi kwenye kigutu.

Neno kuhusu unyayo. Ni wa mpira, na mawe ya volkano ya Nyiragongo yanaula upesi ukitembea bila kiatu. Bolti ya kifundo ikilia, isifungwe kwa waya. Tena msibadilishe urefu wa kisigino ovyo: kiatu kirefu kinasukuma goti mbele, na mtu anaanguka kwenye mteremko akidhani mguu ni mbovu. Siku ya miadi leteni viatu mnavyovaa kila siku, vyote viwili, si vile vya kanisani.