Je, wajua kwa nini wagonjwa walioombewa walipata matatizo zaidi?

Kuna habari isiyozeeka, hasa midomoni mwa wanaopenda kuwatania walokole: Wamarekani walipima maombi hospitalini, na walioombewa wakazidi kuugua. Takwimu zipo kweli. Kilichopinda ni hitimisho.

Utafiti huo ulichapishwa 2006, ukiongozwa na daktari wa moyo Herbert Benson. Wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa mishipa ya moyo, katika hospitali 6 za Marekani, waligawanywa kwa kura makundi matatu. La kwanza liliombewa, la pili halikuombewa, na yote mawili yaliambiwa tu kwamba huenda wakaombewa, huenda wasiombewe. La tatu liliombewa na likajulishwa wazi. Waombaji, wakiwemo watawa wa Kikatoliki, walipewa jina la kwanza la mgonjwa na herufi moja ya jina la ukoo, basi. Waliomba siku 14, kuanzia usiku wa kuamkia upasuaji.

Ndani ya siku 30, waliopata tatizo lolote walikuwa asilimia 52 katika kundi la kwanza, 51 katika la pili, na 59 katika la tatu.

Hiyo 59 ndiyo inayosambazwa. Lakini tazama inalinganishwa na nani. Kundi la kwanza nalo liliombewa, na watu walewale, kwa maneno yaleyale. Kilicholitenga kundi la tatu ni kujua. Kwa hiyo hata ukiichukua tofauti hiyo kama ilivyo, haisemi lolote juu ya maombi; inasema juu ya mgonjwa kupewa taarifa. Tatizo lililojitokeza zaidi lilikuwa moyo kudunda bila mpangilio, jambo la kawaida baada ya upasuaji wa aina hiyo. Kwa vifo na matatizo makubwa, makundi yalikaribiana. Watafiti wenyewe walisema huenda ni bahati tu ya namba. Mmoja wao alikisia kwamba mgonjwa huenda alijiuliza: kwani nimezidiwa kiasi cha kutafutiwa waombaji? Kisio hilo linaingia akilini, ila linabaki kisio.

Na wale wa upande wa pili, wanaosema 52 na 51 zimethibitisha kwamba maombi ni kazi bure, nao wamevuka mpaka. Hebu fikiria unataka kujua kama kumwagilia mahindi kuna faida, ukafanya jaribio katikati ya masika. Shamba hili unalimwagia ndoo moja kila jioni, lile unaliacha. Mwisho wa msimu yanalingana. Umegundua nini kuhusu maji? Umegundua kuhusu ndoo yako tu, maana yote mawili yalikuwa yananyeshewa. Wagonjwa wa Benson nao walikuwa na wake, waume, watoto na wachungaji, na karibu wote walitarajia kuombewa na watu wao. Hakuna aliyeweza kuwazuia, wala kuhesabu walichoomba. Kilichopimwa ni nyongeza ya wageni waliojua jina moja na herufi moja.

Hapo ndipo hospitali za misheni zinapoachana kabisa na jaribio hili. Tenwek, huko Bomet, Kenya, iliyoanza kama zahanati 1937, ina kaulimbiu yake: sisi tunatibu, Yesu anaponya. Mgonjwa huombewa kwa sauti kabla ya kisu, na anayemwombea ndiye atakayemtibu. Dawa ya usingizi, damu na nyuzi za kushonea viko palepale. Maombi hayajachukua nafasi ya chochote. Je, yanampunguzia mgonjwa hofu? Wengi hospitalini watakuambia ndiyo, lakini kwa utafiti wa Benson huwezi kujibu, kwa kuwa haukuliuliza swali hilo.

Cha ajabu, kusimama kidogo kabla ya kisu kumepimwa pia, bila dini ndani yake. Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya ukaguzi wa upasuaji katika hospitali 8, mojawapo ikiwa Mtakatifu Fransisko ya Ifakara, ya Kanisa Katoliki. Timu inatulia, inataja majina, inathibitisha mgonjwa ni nani na anapasuliwa wapi. Matokeo ya 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kisha Ontario, Kanada, wakatumia orodha za aina hiyo, na utafiti wa 2014 haukuona upungufu wa maana wa vifo. Sijasikia aliyetangaza kwamba orodha inadhuru.