Utando wa buibui na ukungu wa polishi kwenye rangi ya gari

Egesha gari jeusi juani saa tano asubuhi, kisha simama karibu na boneti uangalie pale jua linapojionyesha ndani ya rangi. Kama gari limeshaoshwa mara nyingi, utaona nyuzi nyembamba zimelizunguka jua hilo, duara nje ya duara, kama buibui amefuma kuanzia katikati. Huo ndio utando wa buibui. Sasa sogeza kichwa kidogo: maduara nayo yanahama, yanalifuata jua.

Kuhama huko kunaeleza jambo zima. Kwenye rangi hakuna maduara. Kuna maelfu ya mikwaruzo midogo iliyolala kila upande, na ile tu iliyokaa kukingama na mwanga ndiyo inayong'aa. Mingine ipo lakini haionekani mpaka ubadilishe mahali pa kusimama. Sinia la alumini lililosuguliwa kwa mchanga miaka mingi hufanya vivyo hivyo ukilielekeza juani. Kwa hiyo anayekwambia gari limechorwa duara kwa sababu mwoshaji alizungusha mkono, hajakosea sana, ila hata angesugua kwa mistari iliyonyooka ya kila upande ungeona maduara yale yale.

Mikwaruzo hiyo iko kwenye klia. Magari mengi ya siku hizi yana praima chini, rangi yenyewe katikati, na klia juu, ambayo haina rangi bali hulinda na kung'arisha. Klia ya gari lililotoka kiwandani huwa na unene wa maikroni 40 hadi 50 hivi. Karatasi ya fotokopi ina kama maikroni 100, yaani ulinzi wote wa rangi ya gari lako ni nusu ya unene wa karatasi. Nawaomba wenye magari washike kipimo hiki kabla ya kushika polishi, kwa sababu mkwaruzo hauoshwi kama uchafu. Ni mfereji, na mfereji huondoka kwa njia moja tu: kuishusha klia inayouzunguka mpaka ilingane na kina chake. Kila ung'arishaji wa kweli unakula klia, na iliyoliwa hairudi.

Hapa Dodoma mfereji huo huchimbwa na vumbi. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, takribani milimita 570 kwa mwaka. Miezi inayobaki ni ukavu na upepo. Vilima vya mawe unavyoviona kila upande wa mji ni itale, na itale ikimomonyoka huacha chembe za kwatzi, madini magumu kuliko kioo. Klia ni laini kuliko kioo kwa mbali. Asubuhi pita kidole juu ya boneti ya gari lililolala nje, halafu sugua kidole hicho kwa kidole gumba: utasikia chembe zinakwaruza. Dereva anapochukua kitambaa kikavu akapangusa gari lote ili bosi asikute vumbi, anasugua chembe hizo hizo juu ya klia kutoka mbele hadi nyuma. Anafanya hivyo kila siku ya kazi, kwa nia njema kabisa.

Ukungu wa polishi ni jambo la pili, na wengi hawajui kwamba ni ndugu wa tumbo moja na la kwanza. Seremala anaelewa hapa haraka. Ukilainisha meza kwa msasa namba 80, mabonde makubwa yanaondoka lakini unabaki na michirizi ya namba 80. Inabidi upite na 120, kisha 240, kila msasa ukifuta michirizi ya uliotangulia. Dawa nzito ya kukata, yaani polishi kali inayokwangua klia, hasa ikitumiwa na pedi ya sufu, huondoa utando wa buibui na kuacha mikwaruzo midogo zaidi, mingi na iliyobanana, kiasi kwamba jicho halioni mstari mmoja mmoja. Linaona weupe tu, kama pumzi juu ya kioo. Fundi akiishia hapo, ameishia kwenye msasa wa 120.

Usiuchanganye ukungu huo na weupe wa namna nyingine. Polishi iliyokaukia juu ya rangi hufutika kwa kitambaa chenye unyevu. Rangi iliyochomwa na jua miaka mingi huwa na weupe kama chaki, hasa paani na kwenye boneti, sehemu zinazotazama juu. Ukungu wa polishi haufutiki kwa maji, na mara nyingi unaonekana kwa mawimbi yanayofuata njia ya mashine.

Mimi niliujua kwa kuumia. Nilipeleka gari langu, rangi ya bluu ya giza, kupigwa polishi kabla ya harusi ya mdogo wangu. Jioni nilipolichukua liling'aa kama kioo. Kijana aliniambia, "Bosi, hapo nimemaliza kabisa." Nilimlipa nikamshukuru. Baada ya kuoshwa mara tatu, ukungu ulijitokeza milango yote na utando wa buibui ukarudi nyuma yake. Haukuwa umerudi, kwani haukuwa umeondoka. Polishi nyingi zina mafuta yanayojaza mifereji na kuificha. Sabuni inayatoa, na ukweli unabaki. Tangu siku hiyo sikubali kazi kabla ya kupangusa sehemu ndogo kwa spiriti ya duka la dawa iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kisha kumulika kwa tochi ya simu. Kinachoonekana baada ya spiriti ndicho kilichopo. Thina usiiguse, inaweza kuila rangi yenyewe.

Nyumbani kazi hii inawezekana ukiwa na subira. Mwagia gari maji mengi kabla ya kitambaa chochote kuligusa, vumbi lishuke lenyewe. Tumia ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa, uanze paani kushuka chini. Maji ya visima vya huku mara nyingi yana chumvi, hivyo likaushe kivulini kwa maikrofaiba safi kabla matone hayajaacha madoa. Fanya kazi asubuhi na mapema, bati likiwa bado la baridi. Polishi ikikauka kabla haijafanya kazi yake inaongeza mikwaruzo.

Kisha chagua mraba mmoja wa kama sentimita 40 na ujaribu kwanza polishi laini kabisa na sponji laini. Ikitosha, umemaliza kutafuta. Isipotosha, panda hatua moja ya ukali, na ukishakata lazima ushuke tena kwenye ile laini, kwa pedi nyingine safi, ili ufute ukungu. Mashine ya kuzunguka huku ikitikisika inamfaa anayejifunza kwa kuwa haichomi upesi. Kwa mkono pia inawezekana kwa mikwaruzo myepesi, eneo dogo kwa dogo, ila mkono utachoka kabla ya boneti kuisha. Ninachokipinga kwa nguvu zote ni pedi kufungwa kwenye grainda. Grainda ndogo huzunguka mara 11,000 hivi kwa dakika, wakati mashine ya polishi hufanya kazi kati ya 600 na 3,000. Kwenye kona na kingo, ambako klia ni nyembamba zaidi, grainda hufika kwenye rangi kabla hujaivuta nyuma.

Tazama pedi mara kwa mara. Ikianza kuchukua rangi ya gari, ama gari lako ni la rangi isiyo na klia, kama magari mengi ya zamani, ama klia imekwisha mahali hapo. Usipolijua gari lako, simama.

Pitisha ukucha taratibu juu ya mkwaruzo unaokusumbua. Ukucha ukinasa, mkwaruzo huo ni wa kina kuliko polishi inavyopaswa kufuata. Gari langu lina mmoja wa namna hiyo kwenye mlango wa nyuma, wa mwiba wa njia ya Kondoa. Nimeulainisha kingo zake, nikaupaka nta, nikauacha hapo hapo.