Je, wajua? Mchekeshaji aliyerithi sauti ya Lupin wa Tatu

Lupin wa Tatu, mwizi mcheshi aliyebuniwa na mchoraji wa Kijapani Monkey Punch mwaka 1967, alianza kuonekana kwenye katuni za televisheni mwaka 1971, akisemewa na Yasuo Yamada. Yamada alifariki Machi 1995. Mwezi uliofuata ilitoka filamu mpya, na mwizi yule alikuwa akiongea kama zamani. Iliwezekanaje?

Aliyekuwa akiongea ni Kanichi Kurita, mchekeshaji aliyezaliwa mwaka 1958, ambaye umaarufu wake ulitokana na vipindi vya televisheni vya kuiga sauti za waimbaji na watu mashuhuri. Lupin alikuwa mmoja wa aliowaiga.

Wengi hudhani kwamba mwigaji hodari amejaliwa koo linalofanana na la anayemwiga, au kwamba koo lake hubadilika apendavyo. Sivyo. Nyuzi za sauti hutoa mlio tu. Umbo la mlio huo hutengenezwa katika njia iliyo kati ya zoloto, yaani sehemu ya koo yenye nyuzi hizo, na midomo, ambayo kwa mwanamume mzima ina urefu wa takriban sentimita 17. Mwigaji anaweza kuchomoza midomo au kushusha zoloto kidogo, lakini hawezi kujipatia njia ya mtu mwingine. Tena Yamada mwenyewe aliikanusha dhana hiyo bila kukusudia, kwa kuwa koo lilelile lililombembelezea Lupin wanawake ndilo lililomsemea mwigizaji wa Kimarekani Clint Eastwood kwa Kijapani, na Eastwood si mtu wa kubembeleza.

Kinachoigwa hasa ni mwendo wa sauti. Jirani yako unamtambua kwa mbali, kabla hujamwona uso, kwa namna anavyotupa mkono na kuburuta mguu. Mtoto mtundu akimwiga, mtaa mzima hucheka, ingawa miguu yake ni mifupi mno. Sauti nayo ina hatua zake: kasi, vituo, kiimbo, na mahali neno linapovutwa, kama Lupin anavyovuta mwisho wa mwito wake anapomwita Fujiko, mwanamke anayemhadaa kila mara. Msikilizaji akizipata hatua hizo, hujazia yaliyobaki. Hata hivyo, kwenye katuni uso uliochorwa nao unasaidia, kwa hiyo si rahisi kupima ni kiasi gani cha mfanano huo kinatoka kooni.

Ugumu wa Kurita ulikuwa kwingine. Jukwaani mwigaji huchagua maneno yanayojulikana na kumaliza kwa dakika chache, ilhali filamu nzima humtaka aseme, anong'one na kupiga kelele katika sentensi ambazo Yamada hakuwahi kuzitamka.

Mwaka 2011 sauti za Fujiko, Goemon mwenzake Lupin na mkaguzi wa polisi Zenigata zilikabidhiwa waigizaji wapya, na mwaka 2021 Kiyoshi Kobayashi, aliyemsemea Jigen, mwenzake mwingine Lupin, tangu 1971, akastaafu. Kwa hiyo, kati ya wahusika wakuu watano, aliyedumu zaidi sasa ni yule mchekeshaji aliyeitwa kuziba pengo, na miaka yake imekwisha kuipita 24 ya Yamada.