Mlango wa maikrowevu ukifunguliwa kabla ya mlio

"Ngoja ilie kwanza, utapigwa na mionzi!" Wanaosema hivyo huamini kwamba mawimbi yamejazana ndani kama moshi, na mlango ukifunguliwa mapema yatakumwagikia usoni.

Sivyo. Mawimbi hayo ni jamii moja na mwanga: ukizima taa, hakuna mwanga unaobaki chumbani ukitafuta pa kutokea. Huzalishwa na magnetroni, nayo bila umeme ni chuma tu. Penye komeo la mlango pamefichwa swichi, kwa kawaida tatu, na ukianza tu kuvuta mlango umeme wa magnetroni unakatika. Swichi ya tatu kazi yake ni kuzichunga wenzake: zikishindwa kukata, inaunguza fyuzi makusudi na mashine inazima palepale.

Kuna chembe ya ukweli, hata hivyo, na kisa chake kinachekesha. Darubini ya redio ya Parkes, Australia, ilinasa tangu 1998 ishara za ajabu ambazo wanasayansi hawakujua zinatoka wapi. Mwaka 2015 mchawi akapatikana: watu wa kituoni hapo walikuwa wakifungua maikrowevu kabla haijamaliza. Magnetroni inapozimika ghafla hutoa mfyatuko mfupi mno wa mawimbi. Ila sahani ya darubini ile ina upana wa mita 64 na imeundwa kunasa minong'ono ya galaksi za mbali. Mwili wako hauwezi hata kuuhisi mfyatuko huo.

Na saratani je? Mawimbi ya gigahetzi 2.45 hutikisa molekuli za maji hadi zipate joto. Hayana nguvu ya kuvunja DNA kama eksirei, wala hayabaki kwenye chakula. Hata ukichungulia kupitia kioo, wavu wa chuma uliomo una matundu madogo mno kwa wimbi lenye urefu wa sentimita 12 hivi.

Ninachokiogopa mimi ni mlango uliopinda, bawaba zilizolegea au komeo lililovunjika. Hapo usiiwashe kabisa. Kingine ni maji matupu yaliyopashwa mno kwenye kikombe laini: yanaweza kupita kiwango cha kuchemka bila kutoa povu, kisha ukitia kijiko yakalipuka mkononi. Hatari hii haitegemei kama ulisubiri mlio au hukusubiri. Tia kijiko cha mbao kabla ya kupasha.

Halafu kuna fundi wa nyumbani anayedhani kuchomoa plagi kunatosha ili afungue mashine. Kapasita iliyomo, yaani kipande kinachohifadhi umeme, huweza kubaki na chaji ya volti zaidi ya 2,000 baada ya plagi kutoka. Inaua. Mwachie fundi anayejua kuiondoa chaji hiyo.