Mchanga wa Bandarini Kwenye Fungu la Kombe: Si Taka, Wala Si Ruhusa ya Kumwaga Chochote

Kila inapotangazwa kwamba mchanga uliochotwa kwenye njia ya meli utatandazwa kwenye fungu la kombe, yaani sehemu ya pwani wanakoishi kombe wa kujizika mchangani, simu hazikatiki kwetu: "Mnatutupia taka." Hapana. Mkataba wa London wa 1972 wa kuzuia utupaji taka baharini, na Itifaki yake ya 1996, hauhesabu kuwa ni utupaji kitu kikiwekwa baharini kwa kazi nyingine isiyo kutupa tu, na isiyopingana na malengo yake. Yafaa watu wausome kabla ya kuutaja.

Na mchanga wahitajika: mto ukizibwa kwa bwawa hauuleti tena, na mawimbi hayangoji. Fungu hushuka, likabaki tope jeusi lenye harufu ya yai bovu. Hiyo ni salfidi, kemikali ya salfa: oksijeni imekwisha humo, na kombe mdogo akitua hapo hakui.

Sampuli za mchanga wa bandarini huchukuliwa kabla ya kuchimba, si baada. Tunachekecha punje kwanza. Zilizo chini ya milimita 0.063 ni tope laini, na sumu hung'ang'ania humo: zebaki, risasi, na tributiltini ya rangi za zamani za meli, ambayo mkataba wa kuipiga marufuku ulianza kutumika 2008 lakini bado imo kwenye matope ya bandari. Tia konzi moja kwenye chupa ya maji, utikise. Mchanga hutua papo hapo; tope laini huning'inia saa nyingi, na baharini hilo ndilo linaloziba matamvua ya kombe.

Mkandarasi akileta shehena kutoka shimo ambalo halikupimwa, kazi husimama, kibali hufutwa, rundo huondolewa kwa gharama zake, na faini iko palepale. "Ni mita chache tu pembeni" si utetezi. Tumeuchoka.

Na wanaodhani mchanga peke yake hufuga kombe watazame Ghuba ya Mikawa, Japani. Mamia ya hekta yalitandazwa mchanga uliochotwa njia ya meli ya Nakayama, kombe wakashamiri, kisha miaka ya 2010 mavuno yakaporomoka. Chakula kilichomo majini nacho kina neno lake.

Fungu jipya lisichokolewe hadi wapimaji waruhusu. Mchanga haujashikana, mtu huzama hadi magotini, na kombe wa ukubwa wa punje ya mchele haonekani anapokanyagwa.