Ruzuku za utafiti wa tabia: yanayosemwa na yalivyo

Ukitaja skolashipu, wengi huona ada iliyolipwa, chumba cha hosteli na tiketi ya ndege. Katika uchambuzi wa tabia, sayansi inayochunguza jinsi mazingira yanavyobadilisha tabia, wanafunzi hugombea pia fedha za kufanyia tasnifu. Ada utaitafuta kwingine. Society for the Advancement of Behavior Analysis (SABA) ya Marekani, kwa mfano, hutoa ruzuku za tasnifu za uzamili na uzamivu.

"Bila watu mia tano huo si utafiti."
Dhana hii huwakatisha tamaa wengi, nayo ndiyo iliyo mbali zaidi na ukweli. Wachambuzi wa tabia hawakimbilii wastani wa kundi. Humfuata mtu mmoja mmoja, pengine watatu au wanne tu. Hupima tabia siku baada ya siku kabla ya kugusa chochote, huanza afua (hatua ya kuibadilisha tabia hiyo), huiondoa waone kama tabia itarudi ilikokuwa, kisha huirudisha. Lakini mtoto aliyekwisha kujua kusoma huwezi kumrudisha nyuma. Basi afua huanza kwa zamu: mtoto wa kwanza leo, wa pili baadaye, wa tatu baadaye tena. Kila mmoja akibadilika zamu yake ilipofika tu, hapo kuna ushahidi.

Ndiyo maana bajeti haina jeshi la wadodosaji. Ina kamera, nauli na posho ya mtazamaji wa pili, anayehesabu tabia ileile bila kuona hesabu za mwenzake ili zilinganishwe. Andiko la kuomba ruzuku lisilomtaja huyo ningelitilia shaka mapema.

"Hayo ni mambo ya watoto wenye usonji."
Kazi nyingi iko huko, kweli. Ila nenda Morogoro. Panya buku wa APOPO, shirika linalofundisha wanyama kunusa, pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), hufundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu kwenye makohozi. Panya akipatia husikia mlio wa kliki, kisha hupewa chakula, ndizi ikiwemo. Ni kanuni zilezile za zawadi na tabia ambazo mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alizichunguza kwa panya wa maabara. Mwaka 2011, Alan Poling wa Western Michigan University na wenzake wa APOPO waliandika kuhusu kazi ya mabomu katika Journal of Applied Behavior Analysis. Mwanafunzi wa sayansi ya wanyama asijitoe mapema.

"Ni za Wamarekani tu."
Si zote. SABA hiyohiyo ina ruzuku za kuikuza fani nje ya Marekani. Masharti hutofautiana, yasome.

"Pesa zikiingia, kazi inaanza."
Inaanza kibali kikitoka. Kenya utapita NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Tanzania utapita COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na NIMR, taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, utafiti ukihusu afya. Ratiba inayopanga kumpima mshiriki wa kwanza wiki ya kwanza humwonyesha msomaji kwamba mwandishi hajawahi kuomba kibali.